Nondo Atafutiwa wa Kumwakilisha

Benchi lililo mbele ya kinyozi halijawahi kushindwa na jambo la dunia hii. Liliwahi kupatanisha mataifa mawili kabla kahawa haijapoa, na asiyeamini shauri yake. Lakini asubuhi ile Nondo, fundi wa kuchomelea mageti, alikaa macho yameganda kwenye dirisha la ghorofani ng'ambo ya barabara. Mle ndimo alimo mshauri wa ndoa. Mke wa Nondo alishapanda ngazi. Saa nne kamili mume naye anatakiwa, na asipotokea, mke anahamia kwa dada yake leo leo. Zilibaki dakika kumi.

— Usiende, alisema Profesa, kinyozi aliyeacha shule darasa la nne kwa sababu, anavyodai yeye, walimu waliishiwa. Yule mama mshauri hana njia moja. Kibao chake kimeandikwa anachanganya mbinu, kila mtu na kipimo chake.

— Anachanganya vipi?

— Kama wewe na rangi ya geti. Unaingia mweusi, unatoka kijivu.

Breki, dereva mstaafu wa lori, akaguna.

— Hilo dogo. Mle ndani kuna sofa. Shemeji yangu alilikalia, mtu mzima na ndevu zake, akalilia baiskeli aliyonyimwa utotoni! Mkewe kamnunulia. Mpaka leo hashuki.

— Mungu wangu!

— Na usipoziba ufa utajenga ukuta, aliongeza Breki. Kwa hiyo acha ufa, Nondo! Upate ukuta mpya.

Nondo aliona busara humo. Lakini dakika zilikuwa zinakwenda.

— Profesa, si uende wewe? Maneno unayo.

— Hilo tu? Nakaa karibu na mkeo, nasema mimi ndiye Nondo kwa leo.

— Na ukikalia lile sofa?

— Nitalia kwa niaba yako. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndugu yangu. Mwepesi!

Profesa alikuwa ameshavua aproni. Hapo bwana mmoja, mgeni mtaani, aliyekuwa akingoja kunyolewa, akakohoa.

— Samahani, wakubwa. Kwani huyo mke analalamikia nini?

Profesa akamtazama Breki. Breki akatazama kahawa. Kisha wote wawili wakamgeukia Nondo.

Akilini Nondo alimwona mkewe jikoni, mwezi mzima huo, mwiko mkononi, mdomo unakwenda. Alikumbuka hata vifungo vya gauni. Maneno yake, hakukumbuka hata moja. Kila mara alikuwa anapanga kichwani namna atakavyokuja kuyasimulia kijiweni.

— Si useme! alisema Breki.

Nondo aliweka kikombe chini, akavuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto. Honi zikalia.

— Wewe! Profesa alipiga kelele. Unakwenda kusema nini huko?

— Sisemi kitu, alijibu, mguu tayari uko kwenye ngazi. Namwomba arudie. Toka mwanzo.