Maandishi Mekundu Niliyokuwa Nikiyakimbia

Bwana asifiwe, kanisa. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Marwa wa hapa Kewanja, na wengi wenu mnanifahamu kwa kiroba changu cha kubebea mawe kuliko kwa jina.

Ndugu zangu, nilikuwa naishi kwa mawe. Kazi ya dhahabu ilipopamba moto hapa kwetu, niliingia na wenzangu eneo la mgodi bila ruhusa, tukaokota mawe ya mabaki yenye chembe za dhahabu. Kazi ile ina kanuni moja: ukisikia filimbi ya walinzi, kimbia, usiangalie nyuma. Nimekimbia miaka, mpaka miguu yangu ikawa inaondoka kabla sijaiambia. Siku moja nikaanguka mtaroni, nikaumia mgongo. Mke wangu Bhoke, akiwa mjamzito, akaniambia siku nitakayorudi kwenye mawe, yeye anarudi kwao Nyarero. Na Bhoke hatishii mtu. Akisema amesema.

Nikaapa mbele ya mchungaji kwamba mawe basi. Mdogo wake Bhoke, Gati, aliyeolewa Migori na anayetengeneza tovuti, akanipa kompyuta yake ya zamani na kuanza kunifundisha. Alinianzisha na fremuweki, yaani kiunzi kilichokwisha kuandaliwa: nguzo na paa vipo, wewe unajenga kuta. Akanitafutia na kazi ya kwanza, tovuti ya akina mama wa Mbalibali wanaouza asali.

Ndugu zangu, nilihangaika. Kila nikiandika mistari michache, skrini inajaa maandishi mekundu. Nikiyaona tu, nafunika kompyuta natoka nje. Nikirudi nafuta kila kitu, naanza upya. Wiki tatu! Nilifunga na kuomba, nikayakemea kwa jina la Yesu, yakabaki mekundu vilevile. Nikasema moyoni, mimi ni mtu wa mawe tu. Asubuhi moja nikakung'uta kiroba changu. Bhoke aliniona. Akaanza kukunja nguo zake.

Mchana ule Mungu akamleta Gati kutoka Migori. Akasema nimwonyeshe ninavyofanya. Nikaandika, mekundu yakatokea, na kabla sijajitambua nimeshafunika kompyuta na nimesimama mlangoni.

"Kwani shemeji, unakimbia nini?" akauliza.

"Si umeona? Imekataa."

"Na umesoma inasema nini?"

Nilikuwa sijasoma hata siku moja. Naona aibu kuwaambia, lakini ushuhuda ni ushuhuda. Akanikalisha, tukasoma Kiingereza kile neno kwa neno. Kumbe siku zote yalikuwa yananiambia kosa liko wapi: mstari wa kumi na nne, kuna mabano sikuyafunga. Nikayafunga. Ukurasa ukafunguka, akina mama wa Mbalibali hao pichani na ndoo zao za asali. Nililia. Makosa mengine yalikuja, na mpaka leo yanakuja, ila sasa nakaa nayo, nayasoma.

Jioni wenzangu wa mawe walipopita kunichukua twende mgodini, niliwaambia watangulie. Bhoke akarudisha nguo zake sandukuni. Ndiye yule pale, ana mtoto mgongoni.

Namshukuru Mungu aliyeituliza miguu yangu. Na ninyi wenzangu wa mawe, nawaona mmekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Najua kwa nini, maana nami nilikaa hapo miaka. Ndugu zangu, humu ndani hakuna anayewafukuza. Mwaminini Bwana, mje mkae huku mbele.