Mhesabu Mbegu Aliyekataa Kuchungulia

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Huenda, na naomba mnivumilie, kwa sababu tumetaniana miaka thelathini na minne na sijui kumzungumzia kwa namna nyingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1971 na kumaliza sekondari mwaka 1982, na mama yake alipenda kusimulia kwamba akipewa maharage ayachambue, alirudi na idadi kamili ya mabovu, lakini maharage yenyewe hajayagusa. Alihitimu stashahada ya kilimo Novemba 1985, na tarehe 3 Machi 1986 akaajiriwa katika maabara ya kupima mbegu, kwenye chumba cha ghorofa ya chini chenye meza ndefu na makabati ya kuoteshea, akawa anahesabu mbegu zilizoota na zilizogoma.

Alifunga ndoa na dada yangu, mwalimu wa chekechea, Jumamosi tarehe 4 Agosti 1990, ingawa nusura posa iharibike, maana mama yetu alipomuuliza kama ana hakika anampenda binti yake, alijibu kwamba amechunguza kwa miaka miwili na hajapata sababu yoyote ya kukataa, mama akataka kumtoa nje, ila dada akasema kwamba huyo, kwa lugha yake, ameshaapa. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1992, ambaye ni fundi wa majokofu, na wa pili mwaka 1996, ambaye ni muuguzi, na wote wawili wamerithi ule ugonjwa wa kuuliza umejuaje.

Kazi yake nilikuja kuielewa siku nilipomtambia kwamba nikivaa fulana yangu ya kijani timu yetu haifungwi, mechi tatu, ushindi mara tatu, naye akaniambia tuanze kwa kudhani kwamba fulana haina lolote, kisha tuulize bahati tupu ingeleta ushindi huo mara ngapi, na kama kila mechi ni sawa na kurusha sarafu, basi ni mara moja katika kila nane, jambo la kawaida kabisa, kwa hiyo niende nikaifue. Wao wa maabara, alisema, huanza kuitilia shaka ile dhana ya kwamba hakuna kitu pale tu bahati tupu inapoweza kuleta tofauti kubwa kiasi hicho chini ya mara tano katika mia, na hata hapo hujathibitisha, umepata tu sababu nzuri ya kushuku.

Mwezi Mei 2009 yeye mwenyewe aliteleza, na hili alitaka lisomwe. Alikuwa amechanganya dawa ya kulowesha mbegu za vitunguu, ambazo zikikaa ghalani hufa haraka, na badala ya kungoja siku ya kumi na mbili kama utaratibu ulivyotaka, alipiga hesabu kila asubuhi, hakuna kitu, hakuna kitu, mpaka siku ya saba zilizoloweshwa zikazipita zisizoloweshwa kwa tofauti ambayo bahati tupu ingeileta mara nne tu katika mia, akafunga daftari, akaandika ripoti, na mkuu akaibandika ubaoni. Visahani vya mbegu hizo havikumwagwa, maana mfanya usafi alikuwa likizo, na siku ya kumi na mbili marehemu akapita, akahesabu, akakuta pande zote mbili ziko sawasawa. Alikuwa amefanya kama mtu anayerusha sarafu na kuacha pale tu inapompendeza. Hakuna mwingine aliyeona, na mimi ninayesoma hapa nilimshauri anyamaze, jambo ambalo hadi leo naliona aibu.

Aliandika barua ya ukurasa mmoja, tarehe 21 Mei 2009, akakanusha ripoti yake, akaondolewa kwenye utafiti na kuwekwa dirishani kupokea mifuko ya mbegu kwa miaka kumi na minne, na ingawa kuanzia Januari 2011 alifundisha takwimu chuoni kila Jumamosi, akianza somo la kwanza kwa kusimulia kosa hilo, siku nyingine alirudi nyumbani amenuna, na alikuwa na haki ya kununa.

Mkuu mpya alimrudisha mezani mwaka 2023, naye marehemu akaiboresha dawa, na Jumamosi tarehe 1 Juni 2024 akatandika mbegu mia nne zilizoloweshwa na mia nne zisizoloweshwa, visahani vikapewa herufi, mwenzake mmoja akatunza orodha ya herufi, mwingine asiyeijua akapangiwa kuhesabu, mara moja tu, siku ya kumi na mbili.

Figo zilikuwa zikimsumbua tangu Septemba 2021, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 5 Juni akalazwa. Jumatatu tarehe 10, madaktari walipotuambia siku zimebaki chache, mwenzake wa maabara alikuja akajitolea kwenda kufungua orodha na kuhesabu siku hiyohiyo, dada yangu akamsihi akubali, nami nikamwambia wazi kwamba ni ukaidi, lakini alitikisa kichwa, akasema wakifungua sasa, hesabu ya Alhamisi, siku ya kumi na mbili, haitakuwa huru tena, na mkulima atakayenunua mbegu hizo anastahili hesabu isiyochezewa. Nilitoka wodini nikiwa na hasira, nikalia kwenye ngazi. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sitini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotupikia na kutufulia, wanafunzi wake wa chuo, na kwa namna ya pekee wafanyakazi wenzake wa maabara, ambao hata baada ya msiba hawakugusa kisahani kimoja mpaka siku yake ilipofika.

Shemeji, juzi Alhamisi wamehesabu. Zilizoloweshwa zimeota mia tatu hamsini na mbili, zisizoloweshwa mia tatu ishirini na nne, tofauti ya mbegu saba katika kila mia, si kubwa sana, na kama dawa yako haina lolote, bahati tupu ingeleta tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi mara sita tu katika elfu. Najua utasema haijathibitishwa, na maabara nyingine mbili zimekubali kurudia. Lakini huenda, shemeji, huenda ulikuwa sahihi. Pumzika sasa, kwa amani yako yote.