Tundu Katika Kifungu cha Nne

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, ukutani kwa mahakama, upande wenye kivuli mpaka saa nane mchana. Mwisho mmoja hukaa fundi viatu, anayeitwa Waziri kwa sababu hakuna jambo la nchi asilolijua. Katikati hukaa Daktari, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, ambaye ukimwambia kichwa kinauma atakuuliza kimeanzia upande gani. Mwisho wa pili kuna meza ndogo yenye mashine ya kupiga chapa isiyo na herufi ya q, ambayo hakuna aliyewahi kuihitaji, na nyuma ya mashine yuko mzee aliyewaandikia watu barua, malalamiko na majibu ya kesi kwa miaka thelathini. Huyo wanamwita Taipu. Muuza kahawa huzunguka mjini na birika lake, lakini hapo hurudi kila saa, maana wanywaji wa hapo hawaondoki. Mchana ule kulikuwa na mtu wa ziada: binti wa dada yake Taipu, aliyekuwa na wiki tatu tu katika ofisi inayoiandikia serikali sheria. Benchi lilishampa jina la Wakili. Alikaa, akainuka, akakaa tena.

— Tulia basi, Wakili, tofali la huku linacheza, — Waziri alilalamika. — Wiki tatu tu na tayari una haraka za serikali.

— Serikali haijawahi kuwa na haraka, — alisema Daktari. — Huyu ana homa. Macho hayo nayajua.

Homa hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni sentensi moja, na ilikuwa saa saba na robo, na saa nane kamili alitakiwa kuirudisha ofisini ikiwa imenyooka.

Kazi yake haikuwa kuamua. Wizara huleta karatasi ya maelekezo, yeye huyageuza maelekezo kuwa vifungu. Karatasi yake ya kwanza kabisa ilisema kwamba kuanzia mwezi wa saba, mtu asiye na cheti cha sheria asiwaandalie wengine hati za mahakamani. Aliisoma mara tatu akitafuta mahali ambapo mjomba wake angepona, hakupaona. Basi akaandika kifungu cha nne na kuchomeka maneno mawili ya kwake, "kwa malipo". Mjomba hatozi mtu. Watu humwachia walicho nacho. Asubuhi ile mkuu wake, mama mpole asiyeachana na penseli, aliirudisha rasimu ikiwa na neno moja pembeni: Tundu. Akamwambia alizibe kabla ya saa nane, kwani muswada ulikuwa unakwenda kuchapwa.

— Hebu tuambie, unatunga sheria ya nini? — Waziri aliuliza.

— Situngi, mzee wangu. Naandika tu. Na siruhusiwi kusema.

— Ukisikia hivyo ujue ni viatu. Wanataka kila kisigino kiwe na namba, mtu akipita mahali wajue.

— Viatu vya nani? — Daktari alidakia. — Ni ugonjwa. Watapiga marufuku kuugua siku za mapumziko. Nilisema hilo toka mwaka juzi.

— Nyie mnacheka. Mimi nimeambiwa na mtu ambaye shemeji yake anafagia wizarani. Kila sheria inaandikwa mara mbili. Moja tunasomewa, nyingine iko ndani ya sefu.

— Na ya kwenye sefu inasemaje?

— Ningejua ningekuwa hapa nabandika soli?

Muuza kahawa alimaliza kumimina, akasema kana kwamba anataja hali ya hewa:

— Mimi nasikia waandishi wenyewe wanafungiwa chumba kisicho na dirisha. Wasije wakaona watu wakawaonea huruma.

Wakili alicheka kidogo, cheko la mdomoni tu. Chumba chao kina madirisha mawili makubwa, na moja linatazama uwanja wa shule. Siku hizo aliona heri yasingekuwapo.

Muda wote huo Taipu alikuwa anafuta vumbi kwenye herufi zake kwa brashi ya meno. Fahari ilikuwa imemjaa. Hakuna mteja aliyefika pale wiki hizo tatu ambaye hakuambiwa: "Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye anayeandika sheria."

— Mwacheni mtoto, — alisema. — Kazi yake ni sentensi, kama yangu. Imekukwamia wapi, mama?

Angenyamaza. Lakini toka akiwa darasa la tatu, kila sentensi iliyomshinda aliileta kwenye meza ile, na mdomo ukafanya ulichozoea. Ila jina la kazi aliliondoa.

— Tuseme kuna kazi fulani, mjomba. "Mtu asiye na cheti hatamfanyia mwingine kazi hiyo kwa malipo." Mkuu anasema kuna tundu.

— Kazi gani?

— Yoyote. Tuseme kung'oa meno.

— Hao wabanwe kabisa, — Daktari alisema. — Nimebeba watu taya limevimba mpaka jicho halionekani.

Taipu alikuwa ameshacheka.

— Tundu si hilo hapo, kwenye malipo? Mimi ningekuwa mng'oa meno, namwambia hakimu sikutoza, kaniachia kuku kwa moyo wake. Kama hapa tu. Nani kawahi kunisikia nikitaja bei?

— Labda liachwe, mjomba. Ni tundu dogo. Na wapo wanaoifanya kazi hiyo vizuri bila cheti.

— Anayefanya vizuri akachukue cheti. Toka lini nikakufundisha kuandika kitu nusunusu?

Hilo lilimchoma. Aliangalia saa ya mahakama, akaangalia mikono ya mjomba, akatamani mtu yeyote abadilishe mazungumzo. Hakutokea.

— Na akisema alikuwa anamsaidia jirani tu? — Waziri aliuliza.

— Na akisema kuku alipokewa na mkewe? — Daktari aliongeza.

Benchi lile halikuwahi kukubaliana hata juu ya siku ya juma, na leo lilikuwa kitu kimoja. Taipu alichomeka karatasi kwenye mashine, akapiga kwa vidole viwili, taratibu, bila kufuta. Kisha akasoma kwa sauti:

— "Mtu asiye na cheti hatamfanyia mwingine kazi hiyo kwa malipo, zawadi au shukrani ya aina yoyote, iwe imeombwa au haikuombwa, iwe imepokelewa naye au na mwingine kwa niaba yake." Mwambie mkuu wako atafute tundu hapo.

Ilikuwa sentensi nzuri. Ilizidi chochote alichoandika yeye kwa wiki tatu, na haikumwachia mjomba mlango wowote.

Hapo akafika mama mmoja, viatu vyake vimejaa vumbi la njia ndefu. Benchi lilimkumbuka kwa sura tu. Taipu alikuwa amemwandikia majibu ya kesi ya shamba siku mbili nyuma.

— Wamepokea, baba. Karani hakurudisha hata ukurasa. — Akafungua kitambaa, akaweka mayai mezani. — Hukuniomba kitu, lakini sikuweza kuja mikono mitupu.

Mkono wa Taipu ulikwenda kwenye mayai ukasimama. Aliyatazama, akaitazama karatasi iliyokuwa bado kwenye mashine, mwisho akamtazama mpwa wake. Waziri alitaka kusema neno, Daktari akambana goti.

— Si meno, — alisema Taipu.

— Si meno, mjomba.

— Lini?

— Siruhusiwi kusema. Mwezi wa saba.

Mzee aliitoa karatasi polepole isichanike, akaikunja, akamwekea mkononi.

— Siipeleki, — Wakili alisema. — Narudisha ileile ya kwanza. Nitasema sikuliona tundu.

— Mkuu wako ameshakuonyesha. Unataka kuanza kazi kwa uongo? Sentensi imekaa sawa. Usiiharibu kwa ajili yangu.

Alimchukia kidogo kwa maneno hayo, na yeye mwenyewe alijichukia zaidi. Kama mjomba angegomba, angejua la kufanya. Miguu ilishainuka peke yake, na saa ya mahakama ilionyesha nane kasoro dakika kumi.

Mama wa watu hakuwa ameelewa kitu.

— Baba, nina mdogo wangu, naye kaitwa mahakamani. Kesi yake ni mwezi wa nane, na kusoma hajui, kama mimi. Nimlete hapa kwako?

Waziri aliinamia kisigino alichokishika. Daktari alikunywa kahawa iliyokwisha. Taipu alimgeukia mpwa wake, akamngoja kama mteja anavyomngoja anayeijua sheria. Mama naye akafuata macho ya mzee.

— Au kuna mahali pengine mtu kama yeye anakwenda?

Wakili alivipitia kichwani vifungu vyote kumi na kimoja, kimoja baada ya kingine, akitafuta. Hakuna kilichosema mtu kama huyo aende wapi.