Mkuu wa Nchi ya Mchumba wa Tasnim

Benchi letu liko nje ya duka la nyama ya halali hapa ugenini Irving, chini ya njia ya ndege, kwa hiyo kila hoja hukatwa katikati na mngurumo. Jumamosi hiyo tulikuwa wanne. Mimi ninayesimulia, kisha Abdulhafidh wa Mombasa, dereva wa malori, tumwitaye Redio kwa sababu hazimiki, Fidèle wa Uvira, mfanyakazi wa ghala, ambaye tangu ashinde kesi ya faini ya kukimbiza gari jina lake ni Maître, yaani wakili kwa Kifaransa, na Abdulsamad wa Unguja, mwenye birika la kahawa na mwenye shida. Binti yake Tasnim, nesi, ameposwa na Sheldon, kijana wa Barbados. Kijana amesilimu, anaswali, ana kazi nzuri. Jibu lilitakiwa siku hiyo hiyo.

— Nilimuuliza swali dogo tu, akasema Abdulsamad. Kwenu mtawala nani? Akanambia alipokuwa mdogo mkuu wa nchi yao alikuwa malkia, yuko Uingereza.

— Yuwaishi Uingereza, yuwatawala Barbados? Redio akashtuka.

— Kisiwani alikuwa na mwakilishi, gavana jenerali. Wa mwisho alikuwa mama mmoja. Mwaka elfu mbili ishirini na moja wakamwondoa malkia, wakataka rais wao wenyewe. Wakamchagua nani? Mama yule yule!

— Na nyumba ya gavana? akauliza Redio.

— Ile ile. Wamebadilisha jina.

Maître akatikisa kichwa.

— Mi sikubali. Mtu analala mwakilishi, anaamka mwenyewe? Iko kitu banaficha.

— Uwakilishi si jambo geni, akasema Redio. Mombasa tulikuwa na liwali wa Sultani. Sultani yuko kwenu Unguja, liwali yuko kwetu, na Mwingereza amewakalia wote wawili.

— Liwali wenu alikuja kuwa rais? akauliza Abdulsamad.

— Thubutu!

— Basi ndo maana mie naona hapa pana namna.

— Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo yaingia wapi, Redio?

— Itaingia mbele, ngoja.

Maître akasogea ukingoni mwa benchi, akapunguza sauti.

— Sikilizeni. Ile malkia hakuondoka. Mama iko pale pale, nyumba pale pale. Njo kusema bado anaripoti.

— Kwa simu! akadakia Redio. Na akiripoti yeye, waripoti wote. Kisiwa kizima ni wawakilishi.

— Voilà. Sasa ile Sheldon naye anawakilisha nani? Mwenye kuposa kabisa iko pengine. Siku ya harusi utaona mwingine anashuka kwa ndege.

Hakucheka mtu. Abdulsamad akaweka kikombe chini.

— Mwanangu wa pekee huyu, jamani. Nimpe mtu nisiyemjua?

— Mwambie hapana, akasema Redio. Leo leo.

Hapo gari la Sheldon likaingia. Alishuka bado amevaa sare za hospitali, akatoa salamu, akabaki amesimama maana hakuna aliyempa nafasi. Abdulsamad akamkabili kwa Kiingereza.

— Nani amekutuma kwa binti yangu?

— Hakuna, mzee. Nimekuja mwenyewe.

— Na mkuu wenu wa kweli nani? Malkia au yule mama?

Kijana akafikiri. Akasema bibi yake alikuwa na picha ya malkia sebuleni. Siku nchi ilipobadilika bibi alilia, kisha akaenda sokoni kununua samaki kama kawaida. Zaidi ya hapo hakujua aeleze vipi. Halafu akauliza, bila ujeuri:

— Mzee, nanyi mliapa kuwa raia hapa. Mlitamka kwamba mnawakana watawala wenu wa zamani. Mlikuwa mnamkana nani hasa?

Maître, aliyetoroka Uvira bila hata chifu wa kumuaga, akaangalia viatu vyake. Redio akachukua birika, akajimiminia kahawa. Abdulsamad kwao wana marais wawili, wa Zanzibar na wa Muungano. Siku ya kiapo alilia ukumbini, na mpaka leo hajatuambia alimlilia yupi.

Ndege ikapita, ikatua. Abdulsamad akajisogeza, akapiga benchi kwa kiganja.

— Kaa, mwanangu. Tasnim nitampigia mie mwenyewe, nimwambie nimeridhia.