Binti wa Kinyozi Anasita

Saa tatu na dakika kumi, asubuhi ya Jumanne, simu ya Kinyozi ilipokea ujumbe wa maneno mawili: "Baba, nasita." Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amemwandikia bintiye, anayenyoa kwenye saluni ya watu: "Kiti ni chako kuanzia mwezi ujao. Mimi basi." Mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka, na wiki iliyopita alimkata mteja sikio. Binti asipokuja, duka linafungwa. Alitoka na simu yake hadi kwenye benchi la mlangoni, ambako wazee wawili walikuwa kwenye kikombe cha pili cha kahawa: Breki, dereva mstaafu wa malori, na Kamusi, aliyesahihisha magazeti miaka ishirini na minne na hajaacha kusahihisha watu.

— Amekataa, alisema Breki. Pole, ndugu yangu.

— Kusita si kukataa, alisema Kamusi. Anayekataa keshaondoka. Anayesita bado yuko mlangoni.

— Hapo mlangoni kakupa uso au mgongo? aliuliza Breki.

— Neno halisemi.

— Basi neno lako bovu. Mke wangu nilipomposa alisita miezi minane.

— Si alikubali?

— Alikubali. Lakini tukigombana husema bado anasita.

Kinyozi hakucheka. Alikuwa akiusoma ujumbe tena, kana kwamba neno la tatu lingejitokeza.

— Angekuwa hataki angeandika sitaki, alisema. Neno hilo analijua tangu ana miaka miwili. Kuoga sitaki, viatu sitaki.

— Mimi naona kuna mwanamume, alisema Breki. Wanahamia mbali.

— Au anafungua saluni yake, alisema Kamusi. Ile fremu ya duka inayopakwa rangi ng'ambo ya barabara.

— Ile si ya matairi?

— Ndivyo wanavyotuambia.

— Lo. Basi atawabeba wateja wote, halafu amwajiri baba yake afagie nywele.

Mgeni mmoja, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi akingoja kunyolewa ndevu, alikohoa.

— Samahani, wazee wangu. Huyo binti akishika kiti, baba yake atakuwa wapi?

Hilo Kinyozi hakuwa amemwambia binti. Hata yeye mwenyewe hakuwa amejiuliza.

Aliandika polepole, kwa kidole gumba cha kushoto: "Siondoki. Wewe utanyoa, mimi nitapokea wateja na kukusafishia vifaa. Mkono ndio umechoka, mwanangu, mimi bado."

Jibu halikuja.

Saa nane kasoro robo binti aliingia dukani na mashine zake mbili kwenye mkoba.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba.

Alimnyoa mteja mmoja. Alipomaliza, baba yake alishika kioo nyuma ya kichwa cha mteja, kwa mikono miwili.