"Karibuni" ya Mama Lidwina

Tarehe 30 Juni 2003 Mama Lidwina Mapunda anastaafu, baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitatu. Kipindi chake, "Mlango wa Jirani", kinastaafu naye. Hakuna wa kukirithi, wala hakuna cha kurithi.

Alianza mwaka 1980 akiwa karani wa studio yetu ya kanda za mafunzo ya wakulima. Ruhusa ya redio binafsi ilipopatikana, studio ikawa redio na karani akawa mtangazaji, kwa sababu siku ya majaribio mtangazaji aliyeajiriwa alishikwa na mafua. Mimi, fundi mitambo, nimekaa upande wa pili wa kioo tangu siku hiyo. Sijasikia sauti nyingine inayoweza kutamka "mikopo ya vikundi" mtu akahisi ameandaliwa chakula.

Enzi hizo mashirika ya kupambana na umaskini yalichipuka Songea kama uyoga: la mbegu Majengo, la wajane Matogoro, la mbuzi, la visima. Waliokusudiwa kusaidiwa hawakujua kama yapo. Kila Alhamisi Mama Lidwina aliyataja, ofisi ilipo na inachotoa, kisha akamalizia: "Karibuni, mnangojewa."

Hapo ndipo tulipokosea, na hakuna semina iliyotuonya. Kwetu huku aliyekaribishwa haendi mikono mitupu. Maskini wakaanza kufika Majengo na kuku kwapani. Tulicheka sana siku ofisa wa mbegu alipofukuza jogoo juu ya mafaili.

Kisha wafadhili wakaanza kuondoka, na hakuna aliyetuarifu. Mwaka 1999 Mzee Hironimus alitembea siku mbili kutoka upande wa Hanga, na tetea wake wa mwisho, akakuta shirika la mbegu limefungwa kwa kufuli. Akaja redioni. Mama Lidwina alimwamkia shikamoo, akaanza kulia. Mzee ndiye aliyembembeleza: "Usilie, mwanangu. Kuku mpokee wewe. Aliyenikaribisha si wewe?"

Alimpokea, maana kukataa kungekuwa tusi. Alimlaza mzee kwake Matogoro, akampa debe la mahindi ya kula, lakini mbegu hakuwa nazo. Msimu ule Mzee Hironimus hakupanda.

Tangu hapo, kila Jumatano Mama Lidwina alizunguka mji kwa miguu akishika vitasa vya milango kabla ya kuitangaza. Orodha yake ilianza na mashirika kumi na moja. Mwaka jana yalibaki mawili. Alhamisi iliyopita, katika kipindi cha mwisho, aliyasoma yote kumi na moja, na baada ya kila jina akasema: pamefungwa, msije. Nilifunga kipaza sauti.

Ningependa kuandika kwamba juhudi zake zimezaa matunda, kama wasifu unavyotakiwa kuandikwa. Ukweli ni kwamba watu wengi walimsikia na kumwamini, na hilo ndilo linalomuumiza. Linatuumiza na sisi.

Asante, Mama Lidwina, kwa sauti yako na kwa miguu yako. Mahindi yako ya Matogoro yastawi, na usingizi wako uwe mtamu. Siku ukitukumbuka, karibu sana redioni.

Ila tafadhali, njoo mikono mitupu.