Bi Nasriya na Turituri Iliyotobolewa

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja hapa Ansab, nyumbani kwake, kutushika mkono katika siku hizi tatu, haya ndiyo maisha ya marehemu wetu, Bi Nasriya binti Khalfan.

Alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 12 Machi 1952, mtoto wa pili wa Bwana Khalfan bin Said na Bi Zuwena. Alisoma Wete mpaka darasa la saba. Mwaka 1973 familia ilihamia Maskati, na hapa akasoma Kiarabu cha kuandika katika madarasa ya jioni, akiwa mkubwa kuliko mwalimu wake.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika ukaguzi wa mimea bandarini, kwanza kama mfagiaji. Siku moja mkubwa wake alikwama na gunia la mbegu zisizo na karatasi. Nasriya aliweka ufagio chini, akachukua mbegu moja nyeusi yenye kikofia chekundu, akasema, "Mbambakofi hii." Kesho yake alipewa meza. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akitazama rangi ya mbegu na kuutaja mti wake. Kijana mmoja aliyetoka chuo kikuu, Bader, alitaka kumpima. Akampangia mbegu nane kwenye kisahani cha kahawa. Alizitaja saba, ya nane akaigusa kwa ukucha. "Hii shanga ya plastiki. Kairudishe kwa mkeo kabla hajaitafuta." Bader mwenyewe ndiye aliyetusimulia jana, hapa barazani.

Aliolewa na Bwana Jaifar bin Nasser mwaka 1979. Mimba mbili ziliharibika, kisha akapatikana Muatasim, mtoto wao wa pekee. Bwana Jaifar alifariki kwa maradhi ya moyo mwaka 1998. Muatasim alipomwoa Shatha walihamia Al Amerat, na mwaka 2004 akazaliwa Fajr.

Mtoto huyo alikuwa akiletwa Ansab kila mchana. Bibi yake alikuwa na machupa ya mbegu chumbani, na kwa hayo alimfundisha komwe, zingifuri, mkwaju, na mbambakofi, ambayo mtoto aliiita "ile yenye kofia". Chupa moja hakumfungulia kamwe: chupa ya turituri, zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo ni sumu. Kizibo chake alikiziba kwa nta.

Mwanzoni mwa Februari 2009 aliona bangili ya turituri mkononi mwa Fajr. Shatha alikuwa ameinunua safarini, kwa mchuuzi wa njiani.

"Mvue," alisema. "Turituri nzima mtoto akiimeza huenda ikapita. Hizi zimetobolewa. Sumu iko nje."

Shatha aliona ni maneno ya mama mkwe. Alimvua mbele yake, na walipofika nyumbani mtoto akalia, akamvisha tena.

Tarehe 9 Fajr alianza kutapika. Hospitali daktari alileta kipande cha mbegu katika kibakuli, akauliza kama kuna anayekijua. Nasriya alikitazama. Kilikuwa na tundu la sindano. Alimtazama Shatha, na Shatha akatazama sakafu.

"Mama, si zile za kwako?" aliuliza Muatasim.

"Ni turituri," alijibu, akamrudishia daktari kibakuli.

Fajr alifariki Alhamisi, tarehe 12 Februari, akiwa na miaka minne. Siku ya tatu ya matanga Muatasim aliingia chumbani kwa mama yake, akatoa machupa yote na kuyavunja uani mbele ya waombolezaji. Ile ya turituri ilivunjika na nta yake ikiwa bado kizibani. Hakuna aliyeangalia. "Umempa mwanangu sumu aichezee," alisema. "Mimi sina mama." Wiki hiyo Nasriya aliandika barua ya kustaafu.

Kwa karibu miaka kumi na sita mwanawe hakukanyaga nyumba hii, na wajukuu wawili waliozaliwa baadaye hawakuijua sura ya bibi yao. Figo zilipoanza kushindwa, mwaka 2019, Shatha ndiye aliyekuwa akivuka mlima kutoka Al Amerat kila Jumatatu, mumewe akiwa kazini, kumpeleka kusafishwa damu.

"Mama, leo nnamwambia," alisema mara moja wakiwa garini.

"Atakuacha. Na watoto wale atawalea nani? Nyamaza."

"Basi umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Nimekunyamazia. Hayo mambo mawili."

Januari hii hali ilipozidi, aliomba kumwona mwanawe. Dada yake, Bi Rahila, alipiga simu. Muatasim akajibu, "Mwambieni amwite Fajr aje amwangalie."

"Kasema nini?" aliuliza mgonjwa.

"Kasema yuko njiani."

"Rahila, wewe hujui kusema uongo." Akaugeukia ukuta. Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 15 Januari 2025, akiwa na miaka sabini na miwili.

Jeneza likiwa bado ndani, Shatha alimweleza mumewe yote mbele ya Bi Rahila. Muatasim aliuliza swali moja tu: "Mama alijua?"

"Tangu siku ile hospitali."

Makaburini Al Amerat Muatasim ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mama yake, na ilibidi wanaume wawili wamtoe. Tangu hapo hajamsemesha mkewe.

Marehemu ameacha dada, Bi Rahila, mkwe, Shatha, wajukuu wawili, Azzam na Atheer, waliomwona mara ya kwanza akiwa ndani ya sanda, na mwana mmoja, Muatasim, aliyeagiza wasifu huu usomwe mbele yenu bila kupunguzwa neno.

Mola ampe Nasriya huko aliko amani tuliyomnyima hapa.